Kadi ya mtandao haijafa, soma namba yake

Kwenye maduka ya laptopu za mtumba, Arusha mjini hata Moshi, mteja akilalamika kwamba ameweka Linux (mfumo wa kompyuta mbadala wa Windows) na Waifai haionekani, ataambiwa anunue kidude cha USB au arudishe Windows. Ushauri huo unamlia mtu hela bure. Kadi nyingi zinazozikwa hivyo ni nzima, zimekosa draiva (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi) au fimwea (programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) tu.

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `lspci -nnk`, utafute mstari wenye neno Network au Ethernet. Mwishoni kuna namba ndani ya mabano ya mraba, mfano 14e4:4365. Nusu ya kwanza inamtaja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10ec Realtek, 14e4 Broadcom, 168c Atheros. Usitegemee jina lililobandikwa kwenye laptopu, maana modeli ile ile hutoka na kadi tofauti. Pasipokuwa na mstari wa "Kernel driver in use", kadi imeonekana ila haina draiva. Isipoonekana kabisa, hata kwa `lsusb`, ndipo uingie BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) uone kama imezimwa, kisha utoe betri, ufungue mfuniko na uichomeke upya.

Draiva ikiwepo na bado kimya, andika `rfkill list`, inayoonyesha kama Waifai imefungwa. "Hard blocked: yes" ni swichi au kitufe cha kompyuta yenyewe. Kisha `sudo dmesg | grep -i firmware`, itafute habari za fimwea kwenye kumbukumbu za mfumo. Ukikuta "failed with error -2", faili la fimwea halipo kwenye diski. Kwa Debian (aina mojawapo ya Linux, kama ilivyo Ubuntu), Intel inataka kifurushi cha firmware-iwlwifi na Realtek inataka firmware-realtek. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, fimwea hizo zinakuja ndani ya faili la kusakinishia, kwa hiyo ile flashi ya zamani ya kusakinishia inayozungushwa mkono kwa mkono ifutwe.

Utapakuaje bila mtandao? Kwa simu. Ichomeke kwa waya wa USB, washa kusambaza intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama kadi ya waya. Simu nyingi za Android zikiwa kwenye Waifai zitapitisha hiyo hiyo, bando lisiguswe. Waya uwe wa kupitisha data, siyo wa kuchaji tu.

Broadcom ndiyo inayochosha. Hiyo 14e4:4365 inahitaji broadcom-sta-dkms kwa Debian au bcmwl-kernel-source kwa Ubuntu, na draiva hujengwa hapo hapo kwenye kompyuta yako. Linux-headers (faili za kujengea draiva) za kerneli (kiini cha Linux) unayotumia zisipokuwepo, ujenzi unarukwa kwa onyo la mstari mmoja unaopita haraka, na apt (kisakinishi cha programu) inamaliza kana kwamba mambo ni shwari. Sakinisha headers kwanza.

Halafu kuna Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokataa draiva isiyo na sahihi ya ufunguo unaotambulika. Ubuntu itakuomba uweke nenosiri, na ukiwasha upya inatokea skrini ya bluu. Wengi hubonyeza Enter waendelee, na hapo ndipo wanapoharibu: chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo huo), uandike nenosiri lile. Ukiipita, `sudo modprobe wl`, amri ya kuwasha draiva hiyo ya Broadcom, itajibu "Key was rejected by service". Dawa ni `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, uwashe upya, safari hii usiharakishe.

Kwa Debian weka pia linux-headers-amd64, ili kerneli mpya ikiingia headers zake zije nayo na Waifai isipotee tena.