Boga Limepanda Darini

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi si mgema, ila nilisifiwa. Nilikuwa nimepika bia yangu ya kwanza nyumbani, kimea cha shayiri na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, basi, bila mbwembwe, ikatoka safi. Shemeji yangu akanywa chupa tatu, akajilamba midomo, akasema, "Shem, kazini unajisumbua bure. Ungefungua kiwanda." Kauli hiyo ndiyo iliyoniponza. Maji sikutia. Nilitia boga.

Nilikuwa nimesoma kwamba walowezi wa Marekani, enzi bado wako chini ya Uingereza, walipika bia ya maboga kwa sababu kimea kilikuwa adimu na maboga yamejaa mashambani. Nikajiambia, kama wao waliweza, mimi mwenye kipima joto, haidromita ya kupimia sukari iliyomo kwenye juisi, na intaneti nitashindwa nini? Maelekezo yalitaka kimea kilo tano na boga kilo mbili, upate bia lita 20. Mimi nilikuwa na maboga mawili, yakiwa pamoja kilo sita. Nikaona kubakiza boga zima ni uchoyo. Nikayatia yote.

Hapo tayari unaweza kuanza kucheka, ila usiyamalize meno.

Kuoka kulikwenda vizuri. Nilipasua maboga, nikatoa mbegu, nikayaingiza kwenye oveni nyuzi 180 kwa saa nzima mpaka nyama ikalainika na kingo zikaanza kuwa kahawia. Mke wangu akapita, akachota kijiko, akaonja, akauliza, "Si tungekula tu?" Nikamtazama kwa huruma, kama fundi anavyomtazama mtu aliyeshika spana kichwa chini.

Baada ya hapo ni kuloweka kimea na boga kwenye maji ya moto. Boga lina wanga, na hamira haili wanga, inakula sukari. Vinavyoukata wanga ukawa sukari ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya kimea, navyo vina madeko: vinataka maji ya nyuzi 65 hadi 68. Ukivichemsha vinakufa, na wewe umepika uji. Basi nikashika nyuzi 67 kwa saa nzima, ndoo nimeiviringishia blanketi kama mtoto mwenye homa, kila dakika kumi nachungulia. Nikaonja. Tamu! Nikafungua koki iliyo chini ya ndoo ili juisi ishuke kwenye sufuria.

Ikashuka. Ikashuka kwa nguvu kama sekunde nane. Ikawa uzi. Ikawa matone. Tone la mwisho likaning'inia kwenye mdomo wa koki, likatafakari, likaamua kubaki.

Kwa kawaida maganda ya kimea yakituama chini ya ndoo ndiyo yanayokuwa chujio, juisi inajipenyeza katikati yake. Sasa kilo sita za boga lililorojeka zilikuwa zimejishindilia katikati ya maganda yale, hakuna tundu lililosalimika. Wapikaji wazoefu huchanganya makapi ya mpunga ili juisi ipate njia. Hilo nililisoma siku tatu baadaye, nimekaa kitako, nina utulivu wa mtu asiyebakiwa na aibu ya kulinda.

Siku yenyewe nilikoroga. Tone. Nikagonga ndoo ubavuni. Tone. Nikaiinamisha. Hata hilo tone likakoma. Nikachukua pampu ya baiskeli ya mtoto, nikaiunga na mpira wa koki, hoja yangu ikiwa kwamba hewa italifukuza boga. Na kweli ililifukuza, ila kwa juu. Niliposukuma mara ya pili, katikati ya ndoo pakatuna kijungu kidogo, kikavimba polepole, kikasema "pwaa!" na donge la boga la moto likatua kwenye nyusi yangu ya kushoto. Nikabaki nimesimama, pampu mkononi, nyusi inaungua, na ndipo akili ilipofunguka: ninachohitaji ni kitambaa.

Nikaenda kabati la mashuka. Nikachukua foronya ya juu kabisa, nyeupe, pamba nzito, imetariziwa maua pembeni. Nikawa namimina ule urojo humo kidogo kidogo, naining'iniza kwenye kitasa cha kabati la jikoni, naikamua kwa mikono miwili kama mtu anayekama ng'ombe mkorofi. Nilikamua saa moja na nusu. Nikapata juisi zaidi hata ya niliyoitaka, rangi ya machungwa, nzito, ina nyuzinyuzi zinaogelea ndani yake kama viluwiluwi. Mke wangu akaingia. Akatazama sakafu. Akatazama nyusi. Akatazama foronya.

"Baba watoto."

"Naam."

"Hiyo ni foronya ya mama."

Kumbe mama mkwe aliitarizi kwa mkono wake, akatupa siku ya harusi. Na kumbe alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo hiyo. Anakuja kesho kutwa. Atakaa wiki.

Kuchemsha hakukuwa na kisa. Saa moja jikoni, hopsi mwanzoni, na dakika tano za mwisho mdalasini, kungumanga, karafuu chache na tangawizi. Nikapoza mpaka nyuzi 20, haidromita ikasoma 1.058, nikaona maisha yamenyooka. Nikamimina lita 22 kwenye ndoo ya lita 25, pamoja na nyuzinyuzi zake zote, maana nani tena alikuwa na nguvu za kuchuja? Nikatia hamira, nikakandamiza mfuniko mpaka ukalia "tak" pande zote, nikachomeka kipumulio. Ni kile kidude cha plastiki chenye maji kidogo ndani: gesi ya hamira inatoka kwa kububujika, hewa ya nje haiingii. Kila gesi ikitoka kinasema "blup".

Bia inayoumuka inapenda giza na ubaridi wa wastani, na chumba chenye sifa hizo nyumbani kwetu ni kimoja, cha wageni. Ndoo nikaiweka juu ya kimeza kilicho kichwani mwa kitanda. Mke wangu akaniambia niitoe kabla mama hajafika. Nikamwambia hamira haitaki kusumbuliwa. Ukweli ni kwamba mgongo wangu ndio uliokuwa hautaki kusumbuliwa. Nikaifunika kitambaa cha meza, nikaweka juu yake maua ya plastiki. Ikapendeza, ukiiangalia kwa mbali na taa imezimwa.

Mama mkwe akafika, akala, akaenda kulala. Robo saa haijapita, akatoka.

"Mwanangu, mle chumbani kuna kitu kina kwikwi."

Nikamweleza kwamba ni kinywaji, mama, kinaumuka, hiyo ni pumzi yake. Yeye pombe haigusi, lakini ana staha. Akasema, "Basi kimevimbiwa," akarudi kulala. Sisi nasi tukalala, na kupitia ukutani niliisikia ndoo yangu, blup, blup, blup, kila sekunde, nikajiona baba wa mtoto mwenye afya.

Saa sita usiku akabisha mlangoni kwetu kwa upole. "Nimekuja kuwaambia tu, kile kitu kimenyamaza."

"Afadhali, mama," nikasema. "Sasa utapata usingizi."

Narudia maneno yangu hayo, maana huwa nayakumbuka nikiwa naoga: *afadhali, mama.* Siku ya pili na ya tatu ndipo hamira inapokuwa na kiherehere kuliko wakati wowote. Povu linapanda, na nafasi niliyoliachia juu ya ndoo ilikuwa vidole vinne. Kwikwi ya namna hiyo haikatiki kwa sababu mgonjwa amepona. Inakatika kwa sababu koo limeziba.

Saa tisa usiku nyumba ikasema *bwuum*. Haukuwa mlio mkali. Ulikuwa mzito, wa kuja na kifua. Ukafuatwa na kitu kama mvua ya ghafla ya manyunyu mazito, kisha mfuniko wa plastiki ukisota sakafuni, ukizunguka, ukizunguka, mpaka ukatulia. Halafu kimya.

Nilifika mlangoni kabla sijaamka vizuri. Nikawasha taa.

Dari ilikuwa ya machungwa. Katikati pana doa kubwa kuliko sinia, na kutoka hapo miale imetawanyika hadi kwenye kona, kama jua lililochorwa na mtoto. Nyuzinyuzi za boga zinaning'inia. Maua ya plastiki yamenasa kwenye pazia. Ndoo yenyewe imesimama palepale, haina habari, inatapika povu taratibu kwenye kimeza. Na kitandani, wima, mikono juu ya mapaja, ameketi mama mkwe, ushungi wake wa kulalia umebadilika rangi na begani amebeba kama kijiko kizima cha boga.

Akanitazama. Ulimi wangu, kwa kukosa la kusema, ukasema lile unalolisema wenyewe ukikutana na mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu. Tone likamdondokea puani. Akalifuta kwa kidole kimoja. "Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Na mgonjwa wako? Ameshatapika, sasa ataendelea vizuri."

Mke wangu alikuwa nyuma yangu, ameuma kanga yake kwa meno, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa halii.

Tulipangusa hadi alfajiri. Nilipanda kiti na ndoo ya maji, mama mkwe akawa ananielekeza kutoka chini: kushoto, kushoto kidogo, hapo umepaka badala ya kufuta. Vitambaa vikaisha. Mke wangu akaleta ile foronya, imeshafuliwa mara mbili na bado ni ya machungwa, akasita. Mama mkwe akayatambua maua yake. Akaigeuza, akaikunjua, akanikabidhi. "Chukua tu, mwanangu. Si ulishaianza? Imalizie."

Kipumulio tulikipata ndani ya kandambili yake ya kulia. Nilikishika nikakielekeza kwenye taa. Ndani ya kile kitundu chembamba, kilichotakiwa kupitisha pumzi ya lita 22, ulikuwa umejikunja uzi mmoja wa boga, mrefu kama njiti ya kiberiti, na kipande kidogo cha hopsi kimegandia ubavuni kama skafu. Hicho tu. Nusu ya chumba imeharibiwa na kitu ambacho kingekwama kwenye jino usingekisikia.

Asubuhi nikarudia kusoma habari za wale walowezi, safari hii bila kuruka mistari. Kuna maelekezo ya bia ya boga yanayonasibishwa na Chama cha Falsafa cha Marekani, ya mwaka 1771. Wanasema uponde maboga, uyakamue kama yanavyokamuliwa matufaha, kisha uchemshe juisi yake muda mrefu huku ukiengua kwa makini, ili *nyuzinyuzi za nyama yake zisibaki*. Mwaka 1771! Kipima joto sijui kama walikuwa nacho jikoni, lakini neno "kuengua" walikuwa nalo. Mimi nilipolifikia nililiruka, nikidhani ni mambo ya usafi wa kizamani.

Ndoo nayo haikufa. Hamira ilikuwa inasukuma gesi nje kwa fujo kiasi kwamba uchafu haukupata nafasi ya kuingia. Nilisafisha mfuniko, nikaufunga upya, badala ya kipumulio nikachomeka mpira mnene ulioishia ndani ya chupa ya maji, povu likapita humo siku mbili bila kinyongo. Lita tano zilikuwa zimekwenda darini na kwingineko. Wiki mbili baadaye haidromita ikasoma 1.012, ikabaki hapo siku tatu mfululizo, maana yake kileo kama asilimia sita na hamira imeshiba. Nikatia kwenye chupa, na sukari gramu sita kwa kila lita ili ipate gesi. Nilipima sukari ile kwa mizani, mara tatu, mke wangu akishuhudia. Chupa zikalala stoo, mbali na binadamu.

Mama mkwe alirudi mwezi uliofuata. Alishuka garini na mwavuli mkononi. Jua lilikuwa linapasua mawe.

Siku hiyo ndiyo shemeji naye alikuja kuonja. Nikafungua chupa mbele ya wote, ikatoa "tss" ya heshima. Rangi ya shaba, povu jembamba. Akanusa, akanywa funda, akalizungusha mdomoni, akafumba macho kama hakimu.

"Mdalasini naupata," akasema. "Karafuu naipata. Tangawizi kwa mbali. Nzuri, Shem, nzuri sana." Akanywa tena. Akaiinua glasi kwenye mwanga, akaigeuza. "Lakini boga liko wapi?"

Nilitaka kumweleza. Boga lenyewe ladha yake ni pole, sukari yake karibu yote imeliwa na hamira, kinachobaki mdomoni ni viungo, kilo sita zote zile, nyusi yangu, pampu... Sikuwahi. Mama mkwe alikuwa ameshainuka, ameshika mwavuli.

"Njoo nikuonyeshe, mwanangu," akamwambia mwanawe, akatangulia kuelekea chumba cha wageni. Mlangoni akasimama, akaufungua mwavuli, akamsogeza shemeji chini yake, na ndipo akanyoosha kidole juu.