Pumua kwanza, ndipo nikupime

Huu ni mwaka wa 19 natembea na futi shingoni hapa Ngamiani, Tanga, na bado sijampata mwanamke ambaye nikimzungushia futi kiunoni habani tumbo. Bibi harusi, mwalimu wa shule, muuza vitumbua, mke wa shehe, wote hali moja. Futi ikigusa kanga tu, tumbo linaingia ndani, kifua kinapanda, mabega yanayafuata masikio, na macho yanakodolea dari kama anayesubiri sindano. Zamani nilikuwa naiandika hiyohiyo namba. Gauni likija kujaribiwa, zipu haipandi, na lawama ni zangu: "Fundi, umenibania!" Siku hizi sipimi mpaka nimesema, pumua kwanza, shoga. Pumua, ndipo nikupime.

Mimi mwenyewe nilikuwa mbanaji kuliko wote. Baada ya mtoto wa nne tumbo liligoma kurudi. Nikanunua ule mkanda mweusi wa mpira, wa kulabu mistari mitatu, nikawa navaa toka asubuhi mpaka magharibi. Nikajiunga na kikundi cha alfajiri kule ufukweni Raskazone, tukiwa na mwalimu mmoja mwenye filimbi. Tunakata tumbo, 50 kila siku, naye anapita juu yetu: "Bana! Bana! Usiachie!" Nami sikuachia. Nilibana jikoni, nikabana msibani, nikabana juu ya cherehani.

Mwaka 2021 niliinama kuokota bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa cherehani. Si gunia la mchele, si ndoo ya maji. Bobini. Nikashindwa kuinuka. Wanangu walinikunjua kama mkeka uliolowa.

Hospitali nilipangiwa kijana wa fiziotherapia, umri wa mwanangu wa kwanza. Akanilaza chali, akanikunjisha magoti, akaweka mkono wake juu ya meza kuonesha kwamba hatanigusa, akaniambia niweke viganja vyangu kwenye mbavu za chini, nipumue.

"Mama, unapumua na mabega."

"Mwanangu, mabega hayaniumi. Nimekuja na mgongo."

"Ndiyo, Mama. Kwa hiyo tuanze na pumzi."

Sitaficha, nilikasirika. Nimekaa foleni toka saa mbili, nimeacha wateja watatu, halafu nifundishwe kupumua, jambo ninalolifanya bila ada toka nizaliwe! Lakini nilipotazama viganja vyangu niliona havisogei kabisa. Mbavu zimekaa kimya, shingo ndiyo inayohangaika. Nusu saa nzima tulifanya hilo tu, mbavu zifunguke pembeni pumzi ikiingia, zifunge pumzi ikitoka. Nilipovaa viatu mgongo bado unauma, ila niliinama mwenyewe kuvivaa.

Aliyonieleza nimeyatafuna miaka hii yote, na naomba niyaseme kwa lugha ya huku kwetu. Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo, na jina limekaa sawasawa, maana umewambwa kwenye mbavu za chini na kwenye pingili za kiunoni kama ngozi ilivyowambwa kwenye ngoma. Ukivuta pumzi, kiwambo kinashuka. Chini kabisa, ndani ya nyonga, kuna misuli mingine iliyotandazwa kama sakafu, imebeba kibofu na kizazi. Nyuma kuna vimisuli vidogovidogo vilivyong'ang'ania pingili moja moja. Na kuzunguka tumbo, ndani kabisa, chini ya ile misuli ya kujionesha, kuna msuli unaotoka mgongoni ukaja mbele pande zote mbili.

Nikasema, huo si ndio mkaja?

Aliyezaa huku pwani anaujua mkaja. Bibi yangu alinifunga uzazi wa kwanza kwa kanga kuukuu, akaizungusha toka chini kupanda juu, akanivuta mpaka nikaona nyota. Kumbe nina mkaja mwingine wa kuzaliwa nao, na wenyewe haukazwi kwa kuvutwa na bibi. Unakazwa kwa kutoa pumzi. Ukiitoa polepole mpaka ile ya mwisho, kiwambo kinapanda, sakafu ya nyonga inanyanyuka, mkaja unajifunga. Ukivuta, vyote vinalegea kidogo kwa pamoja. Siku nzima vinapandiana na kushukiana hivyo, na mgongo unasimama katikati yao kama gunia. Gunia lililojaa sawasawa halihitaji kuegemezwa, la nusu hujikunja kiunoni likalala.

Sasa mtazame mwenye mkanda wa mpira na tumbo lililobanwa kutwa. Kiwambo hakina pa kushukia. Pumzi inapanda kifuani, shingo inabeba kazi isiyo yake. Msukumo wa tumboni unatafuta njia, na kwa mwanamke aliyezaa njia iliyo wazi ni ya chini. Wanawake tunajuana: ukipiga chafya, mkojo unaponyoka, unajifanya umekumbuka kitu ndani. Mkanda hauna dawa ya hilo, unaweza hata kulizidisha. Na kule kukata tumbo 50 kwa pumzi iliyofungwa, kwa mama ambaye misuli miwili ya mbele ya tumbo iliachana wakati wa mimba, kunalifanya tumbo lichongoke katikati kama paa la nyumba. Langu lilichongoka. Nikadhani ndiyo misuli inakuja!

Kuna watu hubana pumzi kwa makusudi na wako sahihi. Mbeba vyuma akiinua uzito mkubwa huifunga sekunde chache ili tumbo liwe gumu kama mpira uliojaa. Lakini yeye anaifunga, anainua, anaiachia. Mwenye presha asijaribu, maana kubana kule kunaipandisha ghafla. Sisi wengine tunaifunga asubuhi tukaifungulia kitandani.

Hayo mazoezi niliyopewa, mpwa wangu aliyaona kwenye simu akasema, "Shangazi, hii ni Pilates." Nilidhani ni jina la dawa. Ni jina la mtu, Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa Mönchengladbach mwaka 1883, mtoto mgonjwamgonjwa mwenye pumu. Vita ya kwanza ya dunia ilimkuta Uingereza. Kwa kuwa ni Mjerumani akawekwa kizuizini, na humo akaendelea kuyanoa mazoezi yake. Ni vita ileile iliyofika hapa kwetu Novemba 1914, Waingereza wakashushwa kwa meli kuuchukua mji wa Tanga, wakakimbizwa na Wajerumani pamoja na askari wao, na nyuki nao wakatia mkono wao. Miaka ya 1920 Pilates akahamia New York, akafundisha huko hadi alipofariki mwaka 1967. Yeye mwenyewe mazoezi yake aliyaita Contrology, yaani elimu ya kuutawala mwili. Na mtoto yule wa pumu aliiweka pumzi mbele ya yote, akisisitiza hewa itolewe mpaka iishe.

Zoezi lake mashuhuri linaitwa Mia. Unalala chali, unanyanyua kichwa na miguu, mikono inapigapiga hewa kandokando ya mwili: unavuta pumzi kwa hesabu ya tano, unatoa kwa hesabu ya tano, mara 10, inatimia mia. Kwenye simu wote hulianza hilo. Mimi nasema kwa anayeanza, hasa mwenye mgongo au aliyezaa karibuni, ni kumpa mtoto wa chekechea mtihani wa darasa la saba. Mimi kichwa changu kipo chini, juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Napiga mikono na kuhesabu pumzi tu. Nilikaa hivyo miezi mitano kabla ya kunyanyua hata unyayo mmoja.

Kitanda changu cha mazoezi ni mkeka wa ukili. Unaacha alama kwenye viwiko, lakini godoro la zoezi la rangi ya zambarau halijawahi kumponya mtu mgongo. Najifunga kanga kwenye mbavu za chini, ncha moja mkono huu, nyingine mkono ule, navuta kidogo. Pumzi ikiingia, kanga lazima isukumwe pembeni na nyuma. Ikitoka, kanga inalegea nami naifuata. Kwa kuwa mimi ni fundi, nilipima pia kwa futi. Mwanzo, kati ya pumzi iliyoingia na iliyotoka, mbavu zangu zilitofautiana inchi moja haba. Baada ya miezi minane, karibu inchi mbili. Tumbo, kwa wanaouliza, halijawa bapa. Lakini bobini naokota.

Halafu hii habari ya "nyoosha mgongo". Mgongo haunyooki, jamani. Hakuna fundi anayeshona gauni la kubana kwa mshono wa nyuma ulionyooka kama rula. Tunaingiza mkunjo kiunoni kwa sababu mwili umeingia pale, ukatoka juu, ukatoka chini. Mungu ameupinda hivyo ili ubebe. Anayesimama kifua mbele kama askari wa gwaride ameinua mbavu zake tu, na kiuno kimevunjika nyuma. Anayejikunja juu ya cherehani naye amefanya kinyume chake. Wote wawili mbavu zimeachana na nyonga, na kiwambo hakitazami tena sakafu yake. Ndiyo maana mimi nasema mwili uliokaa sawa huanzia kwenye pumzi. Mbavu zikishuka mahali pake kwa kutoa pumzi, mabega yanajishusha yenyewe, huna haja ya kuyavuta.

Nilijipima kwa timazi. Nilifunga bobini kwenye uzi, nikauning'iniza darini karibu na kioo, nikasimama ubavu, mpwa akanipiga picha. Anayesimama vizuri, uzi unapita sikio, bega, nyonga, goti, ukafika mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Wangu ulipita begani, sikio liko mbele vidole vinne kama kobe anayechungulia. Hiyo ndiyo ada ya kutazama sindano miaka yote hii. Nilipandisha kiti kwa mto, nikasogeza taa, na kila nikimaliza mshono mmoja naegemea nyuma, natoa pumzi tatu ndefu, ndipo nashika kitambaa kingine. Nadhani huo mto na taa vimenisaidia sawa na mkeka.

Wapo wanaoniambia haya ni mambo ya wazungu, bibi zetu walitwanga na kukuna nazi kwenye mbuzi na migongo haikuwauma. Kwanza, iliwauma. Bibi yangu alikuwa akipakwa mafuta ya nazi ya moto kila Alhamisi usiku, tena akilia. Pili, msikilize anayetwanga: mchi ukishuka, "hih!" Pumzi inatoka. Wasikilize wavuvi wanaokokota dau kwenye mchanga: anayeongoza anaimba, wenzake wanaitikia, na neno linatoka kinywani palepale kamba inapovutwa. Huwezi kuimba umebana pumzi. Nilipochezwa, kungwi wangu alikuwa ananipiga kikofi cha mgongo: "Pumua wewe! Kiuno hakikatiki umejifunga hivyo." Hakuna mzungu aliyehudhuria.

Wala simpigii debe Pilates. Mpwa alinitafutia mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, waliokusanya tafiti 10 kuhusu maumivu ya mgongo wa chini. Walikuta Pilates inasaidia kuliko kukaa bila tiba ya maana, lakini hawakupata uthibitisho kwamba inayashinda mazoezi mengine. Mimi naamini. Kwa hiyo simwambii mtu apande basi kwenda Dar kulipia darasa. Na mwenye ganzi miguuni, au haja zimeanza kumtoka bila habari, asilale kwenye mkeka, akimbie hospitali siku hiyohiyo.

Juzi alikuja dada mmoja, harusi ya mdogo wake wiki ijayo. Gauni nimelikata sawa, nimelipima mezani mara mbili, akilivaa pindo linashuka kulia. Nikamtazama: mtoto wa mwaka na nusu kapakatwa ubavu wa kushoto, nyonga hiyo imetoka nje kama kiti, bega la kulia limelala. Nikamwomba amshushe mtoto, asimame, atoe pumzi taratibu mpaka iishe. Akatoa. Pindo likapanda, si lote, kama nusu inchi. Nikamwonesha kwenye kioo, nikaanza kumweleza habari ya mbavu na nyonga.

"Fundi," akasema, huku anamrudisha mtoto kulekule kushoto, "wewe likate tu kulia."

Nikalikata robo inchi.