Nani Atalipia Mkono wa Mdogo Wangu?

Mdogo wangu alipigwa ngeta saa mbili usiku akishuka kwenye daraja la waenda kwa miguu, Barabara ya Thika. Simu ilienda. Panga nalo likamkata kano za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye ni fundi cherehani. Siku hizi anashika mkasi kwa kushoto, kitambaa kinakatika mshazari, anakitupa, anaanza upya.

Kituoni alipewa nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Daktari akaandika silaha ni ya aina gani na madhara ni makubwa kiasi gani. Ni sawa, kesi inahitaji hayo. Lakini hakuna aliyetuuliza kodi ya nyumba italipwa na nani.

Na sheria ipo! Sheria ya Kenya ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa mwathiriwa haki ya kulipwa na mkosaji: gharama za matibabu, majeraha ya mwili, hasara ya kipato. Inamruhusu pia kuieleza mahakama jinsi uhalifu ulivyomuumiza. Hata kifungu cha 175 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinamwezesha hakimu kumwamuru aliyepatikana na hatia alipe fidia. Ndiyo maana nawasihi wenye kesi: mwambieni kiongozi wa mashtaka mapema kwamba mnadai fidia, na risiti mmpe, hata ya bodaboda ya kwenda kliniki.

Ila sisi hatuna mshtakiwa. Waliomkata hawajakamatwa, na wakikamatwa kesho sidhani watakuwa na shilingi ya kulipa. Uingereza, mfuko wa serikali hulipa majeruhi wa uhalifu hata mshambuliaji asipojulikana, mradi tukio liliripotiwa polisi na ombi likapelekwa, kwa kawaida, ndani ya miaka 2. Kiwango kinaanzia pauni 1,000. Sheria yetu ya 2014 nayo iliunda hazina ya waathiriwa. Basi hazina hiyo imfuate aliyeumia, isingoje pingu. Na afisa anayeandika OB ndiye awe wa kwanza kumweleza mtu kwamba ipo, palepale kaunta, kabla damu haijakauka.

Risiti zetu nimezitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na nakala ya P3. Ziko 14. Jumatatu anarudi kwa daktari wa mazoezi ya viungo.