Kufuli la Simu Halijui Kusi

Simu ya mpwa wangu, aliyoichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, ilijifunga asubuhi moja ya katikati ya Juni, mwenyewe akiwa Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani Lamu, amekaa chini ya mashua iliyopandishwa pwani, pamba ya kalafati mkononi. Kioo kizima kiligeuka tangazo: kiasi unachodaiwa, nambari ya kulipia, na kitufe cha simu ya dharura. Siku ya kwanza kilidai shilingi 65. Siku ya tisa kilidai 585.

Mtu wa mshahara atacheka. Lakini kusi, ule upepo mkali wa katikati ya mwaka, lilikuwa limekaza, mawimbi mlangoni pa bahari hayapitiki kwa chombo chake, na waliobaki wakivua ndani ya vijito, kandokando ya mikoko, walikuwa wakirudi na mboga ya nyumbani tu. Katika wiki kama hiyo shilingi 65 ni unga. Akanunua unga.

Simu hiyo aliichukua Oktoba kwenye kibanda kimoja huku Langoni, bahari imetulia na mfuko una kitu. Malipo ya kwanza 2,500, kisha 65 kila siku kwa siku 365. Ajenti, kijana wa hapahapa Amu, yaani Lamu mjini, anayeishi kwa kamisheni, alimwambia "sitini na tano tu kwa siku", na hakudanganya. Mkataba ulikuwa kwa Kiingereza, kwenye kioo cha simu ya ajenti, na mpwa wangu aliutia saini kwa kugusa kidole. Mimi ndiye niliyechukua kalamu baadaye. Jumla ni shilingi 26,225. Duka la pili kutoka pale, simu ileile kwa taslimu ilikuwa 13,500.

Hapo ndipo watu wengi barazani hupandisha sauti na kusema "wizi". Mimi sikimbilii neno hilo, na nitaeleza kwa nini.

Mvuvi wa Lamu akienda kukopa benki ataulizwa hati ya mshahara. Hana. Ataulizwa hati ya shamba, na katika kaunti hii kuna familia zilizokaa mahali pamoja vizazi na vizazi bila karatasi ya kuonyesha. Ataulizwa mdhamini. Mkopeshaji wa simu hamuulizi lolote kati ya hayo. Anataka kitambulisho na malipo ya kwanza. Anachokishika badala ya shamba ni lile kufuli. Programu yake imekaa ndani kabisa ya simu, hata ukiifuta simu yote na kuianzisha upya, inarudi. Liondoe kufuli hilo, na kampuni italazimika kumtuma mtu apande boti kutoka Mokowe hadi Faza au Kizingitini kufuata deni la mia sita. Nauli pekee ingelimeza deni. Kampuni yenye akili isingekopesha visiwani hata kidogo.

Na si jambo la jana. Mikopo ya namna hii ilianza Kenya na taa za sola zaidi ya miaka kumi iliyopita, pale kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza mitambo inayozimika mtu asipolipa, na ikawezekana tu kwa sababu tangu 2007 mtu angeweza kutuma hela kidogo kwa M-Pesa bila kupanga foleni popote. Mwaka 2020 Safaricom na Google wakaja na mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: elfu moja mwanzo, kisha shilingi 20 kwa siku. Jina lenyewe lilikuwa zuri kuliko tangazo lolote. Watu waliokuwa na kabambe za kupiga na kupokea wakapata WhatsApp, picha za mzigo wa samaki, utabiri wa upepo. Atakayesema hayo hayana faida hajasimama bandarini alfajiri akaona wavuvi wanavyoulizana bei ya pweza kabla hawajashusha.

Tena kufuli lina adabu moja ambayo dalali hana. Halikuji nyumbani. Halimtoi mama wa watu kitanda mbele ya majirani. Zipo kampuni ambazo siku usizolipa wanazisukuma mbele bila faini, ukipata leo unalipa ya leo, simu inafunguka. Utaratibu huo siuoni ubaya. Kampuni ya mpwa wangu ilitaka malimbikizo yote kwanza, na hilo ni uamuzi wa mtu ofisini. Teknolojia haikulilazimisha.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo ninapobaki muda mrefu zaidi.

Simu si kochi. Muuzaji akikuzuilia kochi, unakaa kwenye mkeka. Simu ya mvuvi ndiyo pochi yake, ndiyo njia ya kumpata mnunuzi, na ndiyo anayoitumia kumpigia kaka yake pwani mashine ikizima katikati ya maji. Kampuni itajibu kwamba kitufe cha dharura kimeachwa wazi. Ni kweli, kipo. Lakini uliza wavuvi kumi wangempigia nani mashine ikizima huko nje, uone ni wangapi watakaotaja nambari ya polisi. Na hela za kulipia deni zinapitia kwenye chombo kilekile kilichofungwa. Mpwa wangu alichomoa laini, akaichomeka kwenye kabambe ya mama yake. Dada yangu akauliza, "Hii ni simu gani inayodai kuliko mwenye duka?"

Swali lake lina uzito kuliko alivyokusudia. Mwenye duka la mtaani ana daftari la deni, na daftari lile linajua miezi. Linajua kwamba Juni na Julai nyumba fulani hailipi, na kwamba kaskazi, upepo wa bahari tulivu, ikiingia italipa yote kwa mpigo. Pato la bahari ni la msimu. Deni la simu ni la kila siku. Anayelipwa mshahara Nairobi anaweza kuishi na mpango wa kila siku kwa sababu mfuko wake unajazwa kila mwezi, kusi na kaskazi. Kwa mvuvi mpango uleule unakwenda vizuri miezi saba, halafu unamfunga haswa mwezi asio na kitu. Ukipiga simu kueleza, unasikilizishwa muziki, kisha sauti iliyorekodiwa inakushukuru kwa uvumilivu. Hakuna kitufe cha kubonyeza kinachosema "upepo".

Lipo jambo la sheria pia. Sheria ya Kenya ya kununua kwa awamu, ambayo ina zaidi ya nusu karne, inasema mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji haruhusiwi kumnyang'anya mali bila kwenda mahakamani. Iliandikwa enzi za cherehani na baiskeli, na iliandikwa kwa sababu kulikuwa na wauzaji waliosubiri mteja abakize kidogo ndipo waje na gari. Theluthi mbili ya 26,225 ni kama 17,483. Mpwa wangu, simu ilipofungwa, alikuwa amelipa siku 244. Jumlisha 2,500 ya mwanzo, unapata 18,360. Alikuwa ameshavuka mstari, na alikuwa ameshailipa bei ya taslimu ya simu ile na karibu elfu tano juu.

Mwanasheria anaweza kusema kwamba mkataba ukiandikwa kama mkopo wa kawaida, sheria hiyo haiugusi, na kwamba hakuna aliyenyang'anywa kitu: simu iko mfukoni mwake. Kwa herufi, labda. Lakini kipande cha kioo kisichowaka si mali, na sioni tofauti kati ya kubeba baiskeli na kuiacha mlangoni imetolewa magurudumu. Kufuli kabla ya theluthi mbili nalikubali. Baada ya hapo, kampuni ifuate deni lake kama wadai wengine wanavyofuata.

Na jumla iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kando ya ile "65 tu". Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na anachonunua. Hata kwa jicho la dini, ambalo huku kwetu halikosekani kwenye mazungumzo ya deni, wanazuoni wengi wanaruhusu bei ya mkopo iwe juu ya bei ya taslimu, mradi bei ijulikane na ikubaliwe mwanzoni. Mpwa wangu alikubali bei ya siku. Ya mwaka hakuijua mpaka nilipompigia hesabu nyuma ya risiti ya duka.

Hata hivyo nisiisifu mno mikopo ya kwetu ya zamani. Mvuvi akipungukiwa nyavu au mashine huenda kwa tajiri wa samaki, naye humpa bila karatasi, bila riba, bila kufuli. Analolitaka ni moja: samaki wako niuzie mimi, kwa bei yangu. Wapo wazee waliouza kwa tajiri mmoja mpaka wakaacha bahari, na deni halijaisha. Bei ya kampuni ni ghali, lakini ina siku ya mwisho, na siku hiyo ikifika simu ni yako na hakuna anayekuuliza samaki umempelekea nani.

Siku ya kumi simu ilifunguka. Mpwa wangu hakuwa ameingia baharini. Tajiri mmoja alimtolea elfu mbili, ya simu na ya unga, wakapeana mikono pale pale penye mashua. Kaskazi ikiingia, kamba wake watapimwa kwenye mizani ya tajiri huyo.