Mpe mhusika wako kazi

Vijana wanaoandika riwaya hapa Kigoma huniletea sura zao za mwanzo nizisome, na karibu kila mara nauliza swali lilelile: huyu mtu anakula nini? Tunaambiwa ni mfanyabiashara, ana gari, kaachwa na mpenzi, analia dirishani. Kurasa thelathini zinapita hatujui anauza nini, anakopa kwa nani, wala anaamka saa ngapi. Mhusika asiye na kazi hana ratiba, na asiye na ratiba hana cha kuchelewa. Ndiyo maana mwandishi anafika sura ya nne kisa kimekauka, analazimika kuleta mchawi au ajali ya gari.

Kwangu mimi hili ni tatizo kubwa kuliko sarufi. Sarufi mhariri atakusaidia.

Chukua uvuvi wa dagaa, ambao yeyote aliyekulia Kibirizi au Ujiji ameuona. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola. Taa inawavuta wanapanda juu, wavu unawazoa. Mwezi ukishakuwa mpevu, mwanga wake unatapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haivuti tena, na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo kila mwezi nyumba ya mvuvi ina siku za fedha na siku za ukame, na mtaa mzima unazijua. Mwenye duka anajua lini aanze kudai. Mama wa nyumba anajua michango ya shule ilipwe lini kabla hela haijayeyuka.

Sasa tuseme kijana wako anavua kwenye mtumbwi wa tajiri na ameahidi kutoa mahari. Siku ya kikao cha mahari huipangi tena kwa kujisikia. Wazee wa binti wakiiweka katikati ya mbalamwezi, watamkuta mikono mitupu. Na kama mjomba mmoja aliichagua tarehe hiyo makusudi, kwa sababu ana mkwe mwingine anayemtaka, basi sura nzima imeshajiandika. Umeipata kwa kuujua mwezi na mtumbwi, basi.

Mwaka 2024 serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Habari ya gazetini inaishia hapo. Riwaya inaanzia hapo: nani alirudi Kasulu kulima kwa kaka ambaye hawajasemezana miaka mingi? Nani aliuza injini? Nani aliingia ziwani kwa kuiba, na jirani gani alimwona akanyamaza? Miezi mitatu inatosha kuvunja ndoa au kuianzisha. Nashangaa hadi leo sijaletewa muswada hata mmoja unaogusa jambo hilo, ilhali wanaoandika wametoka katika nyumba zilezile.

Wapo wanaonijibu kwamba wasomaji wanataka mapenzi. Ni kweli, hata mimi nayataka. Lakini watu hupendana wakiwa wamechoka, wakiwa na deni, wakiwa na zamu ya usiku. Ukiwaondolea hayo unabaki na maneno matamu yanayoweza kusemwa na yeyote kwa yeyote.

Basi nenda mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa, ukakae. Usiende kuhoji watu kama mwandishi wa habari. Saidia kubeba, nunua kidogo, sikiliza. Akina mama watakuonyesha kwamba dagaa walioanikwa mchangani hubaki na chembe za mchanga, mnunuzi anawatafuna wawili watatu na bei inashuka, wakati waliokaushwa juu ya kichanja wanapata bei nzuri. Halafu subiri wingu lijikusanye. Tazama nani anakimbilia turubai lake, nani anaanza na la jirani aliyekwenda sokoni, nani anapiga kelele bila kunyanyua kitu. Ukiyaandika hayo sawasawa, hutahitaji kuniambia fulani ni mkarimu na fulani ni mchoyo.

Kuhusu mazungumzo nina neno moja tu. Salamu zetu Buha, yaani nchi ya Waha, ni ndefu, zina makofi yake na zinaulizia ukoo mzima, nami nazipenda sana. Kwenye ukurasa ziruke, isipokuwa pale ambapo mtu amezikatisha ghafla au amekataa kuitikia. Msomaji wetu akiona hivyo atajua kuna jambo.

Kazi ya pili ni yako mwenyewe. Maneno 500 kwa siku, ambayo ni kama kurasa mbili za daftari, yanakupa maneno 50,000 kwa siku 100, na hiyo ni riwaya. Chagua saa moja isiyogombewa na mtu. Mimi naona alfajiri inafaa kuliko usiku, kwa sababu usiku umeshatumika. Ukiandika kwa simu, jitumie nakala kwenye barua pepe kila siku. Na tafadhali usirudi sura ya kwanza mpaka umefika mwisho. Nimeona vijana wenye kipaji cha kweli wakiing'arisha sura moja mwaka mzima. Sura hiyo huwa nzuri, na kitabu hakuna. Rasimu ya kwanza iwe na makosa yake, ifike mwisho, iwekwe kando wiki kadhaa, ndipo uanze kukata.

Ukishakata, msomee kwa sauti mtu anayeifanya kazi uliyoiandika. Mvuvi atakusimamisha pale mtumbwi wako ulipoondoka saa isiyo yake, na pengine atakueleza kwa nini, na maelezo hayo yatakuwa bora kuliko ulichoandika. Yaingize.

Baada ya hapo muswada una pa kwenda. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ilitoa zawadi zake za kwanza Aprili 2023. Kuna pia tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo hupokea miswada ya Kiswahili. Soma masharti yao mapema, maana tarehe ya mwisho ya kupokea kazi ni dawa nzuri ya uvivu, na hapa Kigoma tuna hadithi nyingi ambazo hazijafika mezani kwa majaji hao.