Abiria wa reli ya Takarazuka walitafutwa
Mwandishi wa makala tunayoijadili hapa anasema reli binafsi za Japani hupata faida kwa sababu tu abiria ni wengi. Kwa njia ya reli ya Takarazuka, inayoanzia Umeda mjini Osaka na kuishia mji wa Takarazuka, sikubaliani naye hata kidogo: abiria hao walitafutwa. Ilipofunguliwa Machi 1910 ilipita katikati ya mashamba na vijiji, na watu wengi walitilia shaka kama ingedumu. Kobayashi Ichizo, aliyeiongoza kampuni ya reli hiyo, alikuwa ameshanunua ardhi kandokando ya reli kabla bei haijapanda. Mwaka huohuo akaanza kuuza nyumba Ikeda, mji ulio kwenye njia hiyo, mnunuzi akitanguliza sehemu ya bei na kilichobaki akikilipa kila mwezi kwa miaka 10. Mtu wa mshahara akapata nyumba nje ya moshi wa Osaka, kampuni ikapata abiria wa kila asubuhi. Lakini ustadi wake hasa, kwa maoni yangu, uko mwisho wa pili wa reli, Takarazuka. Treni iliyojaa ikielekea mjini hurudi na viti vitupu, kwa hiyo mwaka 1911 kampuni ikafungua mabafu ya chemchemi ya moto huko Takarazuka, na 1914 kikundi cha wasichana waimbaji kikaanza maonyesho yake hapo. Kipo hadi leo. Mwaka 1929 likafuata duka kubwa la ghorofa Umeda kwenyewe. Kusifu wingi wa abiria bila kutaja ardhi ni kuwapotosha wanaopanga reli sasa. Wenzangu mliowahi kuishi Osaka, treni za mchana kuelekea Takarazuka bado zinajaa?