Fainali Ililetwa Jirani na Kwangu, Lakini Haikuwa Yetu

Kwetu Temeke, siku ya mechi ya watani wa jadi hujulikana tangu alfajiri: bodaboda zimefungwa bendera, muuza chapati amevaa jezi, na wageni wa mikoani waliolala kwa ndugu wanajiandaa kuwahi mageti ya Uwanja wa Mkapa. Ndiyo maana tarehe 9 Desemba 2018, River Plate na Boca Juniors, watani wa jadi wa Buenos Aires, Argentina, walipokuja kumalizia fainali ya Copa Libertadores, kombe la klabu bingwa wa Amerika Kusini, katika uwanja wa Santiago Bernabéu, nusu saa kwa miguu kutoka chumba ninachopanga hapa Madrid, nilitoka nje mapema nikitarajia kuikuta hali hiyo. Jirani yangu alikuwa akimtembeza mbwa wake kama Jumapili nyingine yoyote.

Mkondo wa kwanza ulikuwa umechezwa La Bombonera, uwanja wa Boca, tarehe 11 Novemba, siku moja baada ya kuahirishwa kwa sababu ya mvua, ukaisha kwa sare ya 2-2. Wa pili ulipaswa kuchezwa Monumental, uwanja wa River, tarehe 24, lakini basi la Boca lilirushiwa mawe na chupa likiwa njiani, vioo vikavunjika na nahodha Pablo Pérez akaumia jicho. Shirikisho la soka la Amerika Kusini likaamua kuihamishia mechi Hispania, ng'ambo ya bahari, umbali wa kilomita zipatazo 10,000. Kombe lenye jina la wakombozi waliopigana kuung'oa utawala wa Hispania likaenda kutolewa katika mji mkuu wa Hispania.

Wahalifu walistahili adhabu, na sitetei hata jiwe moja. Nakiri pia kwamba Madrid iliwapa mashabiki wa pande zote mbili nafasi ya kuingia uwanjani, jambo ambalo Argentina ilikuwa imelizuia kwa wageni tangu 2013, ilhali kwetu Simba na Yanga hujaza uwanja mmoja na kurudi nyumbani kwa daladala moja. Hata hivyo, maana ya mikondo miwili ni kwamba kila mtaa upate siku yake ya kuwa mwenyeji, na haki hiyo iliondolewa kwa watu wa Núñez, mtaa wa River, ambao hawakurusha chochote. Mwaka 2025, mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba dhidi ya RS Berkane ya Morocco, ulipohamishwa kutoka Mkapa kwenda uwanja wa Amaan, Zanzibar, ndugu zangu walinung'unika wiki nzima, na hapo safari yenyewe ilikuwa ya boti tu.

Niliitazama mechi katika mgahawa, kando ya mzee wa Buenos Aires aliyevaa jezi ya River chini ya koti, na ambaye amekaa Madrid miaka mingi kuliko mimi. Boca walitangulia, Pratto akasawazisha, na katika muda wa nyongeza shuti la Quintero likagonga mwamba na kuingia. Kipa wa Boca alipopanda kusaidia kona ya mwisho, Martínez alikimbia peke yake hadi lango tupu: 3-1, jumla ya mabao 5-3. Mzee hakushangilia. Alimpigia simu kaka yake, akaiweka simu sikioni bila kusema neno, akisikiliza honi za magari ya kwao.